Kiko cha Bibi Prudence

Katika ukoo wetu, ukitaka kumwambia mtu kwamba sasa ruksa, husemi "haya, anza." Unasema, "Kiko kimewaka." Harusini, mpishi akishafunua sufuria, lazima mzee mmoja apaze sauti: kiko kimewaka! Watoto wanalisema bila kujua limetoka wapi. Wakubwa wanaojua wanajifanya hawajui, maana siku hizi ukoo umepata majivuno. Yuko binamu mmoja amechora nembo yenye simba na upanga, akaitundika sebuleni, na kila mgeni anaambiwa kwamba babu yetu wa kwanza kuvuka bahari, Jabez Thurlow, alikuwa mwana wa bwana mkubwa huko Uingereza. Simba! Jabez wa watu alikuwa fundi mapipa, na aliogopa hata bata bukini.

Ukweli ni huu, na asiyeutaka azibe masikio.

Jabez alishuka merikebuni hapa Pinchbrook, pwani ya Massachusetts, akiwa na nyundo, randa na kikohozi. Aligawiwa shamba. Waliomgawia hawakuwa wenyewe. Wenyewe walikuwa ng'ambo ya kinamasi, wakiwatazama wageni wakigawana nchi isiyo yao kwa sala ndefu. Na shamba lenyewe lilizaa mawe. Ukiyaokota leo, kesho yamerudi na ndugu zao. Majira ya baridi ya kwanza Jabez angekufa njaa kama si mwanamke mmoja wa wale wenyeji, aliyemwonyesha, huku akimcheka mbavu hana, jinsi ya kutega mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye tope. Basi babu yetu akaishi kwa mikunga. Wa majini, namaanisha. Wa nchi kavu alikuja kuwahitaji baadaye.

Alimwoa Mehitabel, binti wa msaga nafaka, ambaye yeye alimwita Hitty. Hitty alikuwa na ulimi wa kumenya viazi. Watu walipomuuliza kwa nini kati ya wanaume wote amemchagua yule muuza mikunga, alijibu, "Kwa sababu ndiye pekee Pinchbrook nzima anayejua kunyamaza."

Na kunyamaza kulihitajika, maana kijiji kilikuwa na Mchungaji Barnabas Pyke.

Mchungaji Pyke hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbaya kuliko mtu mbaya: alikuwa mtu mwema mwenye hoja. Jumapili aliilinda kama kuku mwenye vifaranga. Siku, kila mwenye akili anajua, huanza jua linapozama. Kwa hiyo Jumamosi magharibi ikiingia, kijiji kizima kilikuwa kimya mpaka Jumapili magharibi. Hakuna kupika, hakuna kufagia, hakuna kunyoa ndevu, hakuna kukimbia. Pombe ilikuwa marufuku kuipika Jumamosi, kwa sababu ingechacha Jumapili, na kuchacha, alisema Mchungaji, ni kufanya kazi. Mwanamume akimbusu mkewe mlangoni Jumapili, anaingizwa miguu kwenye mkatale pale uwanjani, apigwe na jua na macho ya watu.

Lakini hoja aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya watoto. Alikuwa amesoma mahali, au ameota, kwamba mtoto huzaliwa siku ileile ya juma aliyotungwa mimba. Aliyezaliwa Jumanne ni wa Jumanne. Na aliyezaliwa Jumapili? Mchungaji alikuwa akifika hapo anawatazama wazazi mpaka wanaangalia viatu vyao. Mtoto wa Jumapili hakumbatiza.

Mtoto wa kwanza wa Jabez na Hitty alizaliwa Jumapili.

"Jumapili gani hiyo anayoisema?" Hitty alifoka siku ile, angali kitandani. "Jumapili kutwa tuko kanisani, miguu imekufa ganzi, na usiku wewe unalala kama gogo! Mwambie, Jabez! Mwambie unavyolala!"

Jabez alikwenda, kofia mkononi. Mchungaji akampa hoja. Jabez akanyamaza, akarudi. Akaenda tena, akapewa hoja nyingine, akarudi. Mtoto, mvulana mdogo mwenye nywele kama za kifaranga, alikuwa analia usiku na mchana, sauti nyembamba. Kabla Jabez hajapata ujasiri wa kwenda mara ya tatu, hakulia tena. Walimzika nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa mawe, bila jina kutamkwa juu yake na mtu yeyote isipokuwa wao wawili. Tangu siku hiyo Hitty hakumjibu Mchungaji hata salamu. Wala hakumlaumu mumewe kwa neno, na Jabez alitamani amlaumu.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, na siku zilikuwa zimekaribia.

Hapo lazima nikueleze jinsi Jumapili ilivyokwisha Pinchbrook. Saa ya kengele hapakuwa nayo. Palikuwa na mama yake Mchungaji, Bibi Prudence Pyke, mjane mwenye meno matatu na kiko kimoja. Yule bibi alipenda tumbaku kuliko wali wa mwana wa mfalme, na mwanawe alikuwa amemkataza kuvuta siku ya Bwana. Kwa hiyo kila Jumapili jioni aliketi kizingitini, kiko kimeshindiliwa tumbaku, kigae cha makaa miguuni, macho kwenye kilima cha magharibi. Jua likishuka, naye anashusha pumzi. Ukingo wa mwisho ukipotea tu, pff! moshi. Na kijiji chote, kilichokuwa kinachungulia kwenye nyufa za madirisha, kinaripuka: mashoka yanalia, watoto wanapiga mayowe, wanawake wanaloweka nguo za Jumatatu. Mchungaji mwenyewe alikuwa haangalii jua. Alikuwa ananusa. "Mama yangu hajawahi kukosea," alisema. "Mama yangu ni sheria yenye miguu."

Uchungu ulimshika Hitty Jumamosi, jua likiwa limebakiza kiasi cha mkono mmoja juu ya kilima.

"Hitty," alisema Jabez, "kama ungejitahidi kidogo, sasa hivi, kabla ya—"

Upawa ulimkosa sikio kwa unywele.

Jua likazama. Jumapili ikaingia.

"Hitty mpenzi," alisema Jabez baadaye, akiwa safari hii nje, anaongea kupitia tundu la mlango, "basi kama ungeweza kumzuia. Mpaka kesho jioni tu."

"Mama Tamsin," sauti ya Hitty ikasikika, "nipe kitu kizito."

Mama Tamsin ndiye aliyekuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu, aliyewapokea nusu ya watu wa Pinchbrook na hakuona cha ajabu kwa yeyote kati yao. Alikuja na majirani, kama desturi, na majirani wakala keki ya uchungu, ambayo ilikuwa tamu, na wakanywa bia ya uchungu, ambayo kweli ilikuwa chungu, maana Jabez aliipika mwenyewe. Usiku ukapita. Asubuhi ikapita. Jabez akaenda ibada ya kwanza, akaketi na kuomba jambo ambalo sidhani liliwahi kuombwa katika nyumba ile: kwamba mtoto wake achelewe. Ibada ya pili Mchungaji alihubiri juu ya Yoshua, jinsi jua lilivyosimama. Jabez alilia, na watu wakadhani ni Roho.

Walipotoka, mbingu ilikuwa nyeusi. Wingu zito lilikuwa limelala juu ya kijiji tangu adhuhuri, huoni kilima, sembuse jua. Mama Tamsin alikuwa mlangoni anajifuta mikono.

"Haya, baba mtu. Hangoji."

"Hangoji kabisa?"

"Kichwa kinaonekana. Mimi nimezalisha wengi, sijaona hata mmoja anayeuliza leo ni siku gani."

"Mama Tamsin, huyu akizaliwa sasa—"

"Najua. Unadhani sikuwepo safari ile?" Akamtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Mficha uchi hazai, Jabez. Nenda kaseme na mtu. Hapa huna kazi."

Lakini aseme na nani? Kwa Mchungaji palikuwa na hoja. Jabez akaondoka hata hivyo. Kukimbia Jumapili ilikuwa kosa, kwa hiyo alikwenda ule mwendo wa mtu ambaye miguu inakimbia na kiwiliwili kinakana, mikono imebanwa ubavuni, mpaka akafika nyumba ya Mchungaji. Kizingitini alikuwepo Bibi Prudence, kiko mkononi, kigae cha makaa miguuni.

"Bibi," alisema, "jua limezama?"

"Jua lipi? Mimi tangu adhuhuri sijaliona. Mbona unahema kama mbwa? Umekimbia?"

"Nimetembea, Bibi. Upesi."

"Ni Hitty?"

"Kichwa kinaonekana."

Bibi Prudence alikigeuza kiko mkononi. Ndani ya nyumba Mchungaji alikuwa anasikika akisoma zaburi kwa sauti.

"Yule wa kwanza alikuwa mvulana, siyo?"

"Mvulana, Bibi."

"Nilikuwa namsikia akilia. Upepo ukivuma kutoka kwenu, nilikuwa namsikia mpaka hapa nilipokaa."

Jabez aligeuza uso upande wa kilima. Na hapo, chini kabisa ya lile wingu, aliona kitu ambacho moyo wake ulikikataa: uzi mwembamba wa mwanga, mwekundu, kama mkaa unaopulizwa. Jua lilikuwa bado. Akamtazama Bibi Prudence. Bibi alikuwa anatazama palepale.

"Macho yangu ni mabovu, mwanangu," alisema Bibi Prudence. "Mimi naona giza tu. Wewe unaona nini?"

Babu yetu, mwanamume pekee Pinchbrook aliyejua kunyamaza, akanyamaza.

Bibi akainama, akachukua kaa kwa koleo, akaliweka juu ya tumbaku. Pff.

Lo! Ungedhani mtu amefungulia mbuzi zizini. Shoka la kwanza lililia kabla moshi haujafika paa. Ndoo zikagongana. Shemasi Eliphalet Gudge, aliyekuwa amemuuzia jirani nguruwe tangu Alhamisi na kungoja Jumapili ipite amkabidhi, alitoka mbio kumkamata, na nguruwe akatoka mbio kutokamatwa. Watoto walikuwa wamepanda juu ya mkatale wanaurukia. Mchungaji akanusa, akafunga zaburi, akamwita mkewe alete wembe na sabuni, kwa sababu ndevu za Jumapili zilikuwa zinamwasha. Na Jabez akakimbia, kwa haki kabisa, magoti yakienda juu.

Alikuwa kwenye lango lake aliposikia kilio. Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuwa chembamba, kilekile.

"Msichana!" Mama Tamsin alipiga kelele kutoka dirishani. "Mdogo kama panya, lakini ana hasira!"

Na wingu likainuka.

Sijui kama umewahi kuona mawingu ya pwani hii yanavyoinuka jioni, yote kwa pamoja, kana kwamba kuna aliyeshika pindo. Jua lilikuwa juu ya kilima, zima, jekundu, halina wasiwasi wowote. Likamulika Pinchbrook yote. Likamkuta mwenye shoka shoka liko hewani. Likawakuta wanawake mikono imezama kwenye nguo hadi viwiko. Likamkuta Shemasi Gudge katikati ya barabara amemkumbatia nguruwe kama bibi harusi. Hakuna aliyesogea. Nguruwe tu ndiye aliyeendelea kusema.

Mchungaji Pyke alitoka nyumbani kwake akiwa na kitambaa shingoni. Shavu la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa na povu. Alilitazama jua, akawatazama watu, kisha akakumbuka kilio alichokisikia, na akashuka moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Jabez, kijiji kizima nyuma yake.

"Jabez Thurlow. Mtoto amezaliwa lini?"

"Sasa hivi, Mchungaji."

"Na sasa hivi ni siku gani?"

Jabez alitazama viatu vyake. Kutoka ndani sauti ya Hitty ikaja, imechoka lakini ina makali yote: "Jabez! Safari hii usiponisemea, naapa nitatoka hivi hivi nilivyo nijisemee mwenyewe!"

Wanaume kadhaa walirudi nyuma hatua moja. Ndani, mtoto akalia tena, sauti nyembamba, na Jabez akajikuta anainua uso. Alichokiona mbele yake kilikuwa nguruwe.

"Shemasi," alisema, "samahani. Huyo umemkamata lini?"

"Nani, huyu?" Shemasi Gudge alimtazama nguruwe kama ndiyo kwanza wanakutana. "Huyu? Huyu baada ya kiko."

"Na umemuuza."

"Nilimuuza Alhamisi! Leo namkabidhi tu."

"Kukabidhi ni biashara," alisema Jabez. "Mchungaji alituhubiria mwaka jana. Na mama zangu hawa wamefua. Na yule pale amepasua kuni. Mimi mwenyewe nimekimbia. Kama sasa hivi ni Jumapili, basi mtoto wangu ni wa Jumapili, sibishi. Lakini mkatale wetu unaingia miguu ya watu wawili, Mchungaji. Tutaanza na nani?"

Watu wakaanza kuuangalia mkatale pale uwanjani, mbele tu ya lango, kisha wakaangaliana, kila mmoja akihesabu nani ana dhambi kubwa kuliko yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, na hapo nguruwe alikuwepo kushuhudia.

"Na Mchungaji," akaongeza Jabez, kwa sauti ndogo kabisa, "niwie radhi. Povu."

Mchungaji alipeleka mkono shavuni. Akaurudisha mweupe. Nadhani hakuna hoja aliyowahi kukutana nayo iliyomgusa karibu kiasi hicho.

"Mama!" aliita.

Bibi Prudence alikuwa anashuka polepole, kiko mdomoni, moshi unamtangulia.

"Nipo, mwanangu. Kama ni kufungwa, nifungeni mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyewasha. Ila kiko mniachie."

"Mama, uliliona jua likizama?"

"Niliona giza."

"Giza si jua kuzama!"

"Basi nifunge," alisema Bibi Prudence, akauendea mkatale, akaketi juu yake, akavua kiatu kimoja. "Mguu huu ndio wenye baridi yabisi, uanze na ule mwingine."

Mchungaji alikuwa mwekundu upande mmoja na mweupe upande wa pili. Amfunge mama yake? Mbele ya watu, yeye ana povu? Shemasi Gudge, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusema jambo la maana, alichagua wakati huo.

"Natoa hoja!" alisema. "Hili ni jambo la kijiji. Likitushinda jambo la kijiji, tunapiga kura."

"Kura ya nini?"

"Kwamba jua limezama."

"Shemasi," alisema Mchungaji, "geuka nyuma yako."

"Simo," alisema Shemasi Gudge, na hakugeuka. "Naunga mkono hoja yangu."

Huwezi kuunga mkono hoja yako mwenyewe, lakini watu kumi waliiunga kabla hajameza mate. Wanaoafiki kwamba jua limezama, wainue mikono. Mikono yote ya Pinchbrook ikainuka: wenye mashoka, wenye sabuni, wenye haki na wenye hatia. Shemasi akainua wake na nguruwe akamponyoka. Walisimama pale, mkono mmoja juu, na kwa sababu jua lilikuwa linawapiga machoni, wengi walikinga uso kwa mkono wa pili. Wanaopinga? Hakuna. Mbwa wa mtu alibweka, wakamnyamazisha.

"Na lile," alisema Mchungaji kwa unyonge, akinyoosha kidole kilimani, "lile mnaliita nini?"

"Lile ni la Jumatatu, Mchungaji," alisema Shemasi Gudge. "Limewahi."

Mchungaji Pyke alilitazama jua muda mrefu. Kisha akamtazama mama yake, kiatu mkononi, moshi unamzunguka kichwa.

"Basi leo ni Jumatatu," alisema, akaenda nyumbani kumaliza shavu. Mkewe alimkata mara mbili, kwa sababu mkono ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, watu walilazimika kufanya kazi mpaka jua la Jumatatu lilipozama, wakapumua kidogo, na Jumatatu ya kweli ikaanza.

Juma lile Jabez hakulala. Aliketi karibu na moto na yule panya kifuani, ndani ya shati, akisikiliza. Akilia, Jabez aliogopa. Akinyamaza, aliogopa zaidi. Alimweleza habari za mikunga, namna ya kupinda mbao za pipa, na kila alipofika mwisho wa hadithi alisema, "Ngoja Jumapili, mwanangu, ubatizwe. Ngoja Jumapili tu." Hitty alimsikia akisema hivyo, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia, kwa kuwa ni Jabez huyohuyo aliyekuwa anasema ngoja Jumapili ipite.

Mtoto alingoja. Jumapili ilipofika palikuwa na ganda la barafu kwenye beseni la ubatizo, Mchungaji akalivunja kwa kidole.

"Jina?"

"Prudence," alisema Hitty. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mchungaji tangu mtoto yule wa kwanza. Maji yakamwagwa. Mtoto akafoka ukuta ukaitikia, na watu wakatabasamu. Hitty akampokea, akamfunika, lakini hakuondoka. "Na kaka yake, Mchungaji?" aliuliza taratibu. "Yeye jua lake lilizama lini?"

Mchungaji alifungua mdomo. Mtu yule wa hoja alitazama ndani ya beseni kana kwamba jibu limeanguka humo.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, Bibi Prudence alikuja kumwona wajina wake. Alikaa karibu na moto, akamshika mtoto, akamwimbia kitu kisicho na meno. Kiko kilikuwa mfukoni, kimeshindiliwa. Kila walipodhani anaaga, alikaa. Mwishowe alisema, bila kumtazama mtu:

"Barnabas wangu alizaliwa Jumapili."

Jabez aliangusha randa.

"Huko kwetu Uingereza. Baba yake yuko juu ya mimbari, mimi niko chini nimeuma kitambaa ili nisipige kelele. Nikamzalia nyuma ya kanisa, kwenye chumba cha kengele. Yeye mwenyewe nilikuwa namwambia ni wa Jumatatu, kwa sababu nilikuwa naona haya kwamba nilishindwa kungoja. Basi akakua, akasoma, akaja na hii hoja yake. Nikasema nitamwambia. Kila Jumapili nikasema nitamwambia leo." Alimpangusa mtoto mdomo kwa kidole gumba. "Mvulana wako alipokuwa analia, Hitty, nilikuwa kizingitini. Nilikuwa na kinywa kizima. Nikakijaza kiko."

Moto ulikuwa unatatarika. Jabez alimtazama mkewe na hakujua atafanya nini. Ulimi ule ungeweza kumenya mtu mzima. Hitty alikaa mikono mapajani, macho nje upande wa ukuta wa mawe. Machozi yalishuka, hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono.

"Kilete," alisema.

"Nini?"

"Hicho kiko, Bibi."

Akakichukua, akakiweka midomoni mwa mzee, akainama motoni na koleo akachagua kaa jekundu.

Bibi Prudence aligeuza shingo dirishani. "Binti yangu, leo Jumamosi. Jua limekwishazama. Jumapili imeingia."

Jabez naye alitazama. Kweli limezama. Ukungu ulikuwa umeshapanda kinamasini na kilima hakionekani. Akamtazama Hitty, na Hitty akamtazama yeye, kaa la moto likiwa hewani katikati yao.

"Halijazama," alisema Hitty.

Babu yetu, mtu wa kunyamaza, alisimama.

"Halijazama," alisema, akaenda akafunga dirisha.